Fildi ya wiki 8, mradi wa mwaka wa mwisho, intani wa mwaka au SEAP: mwenye kampuni achukue ipi?

Waajiri wengi ukiwauliza kama wanapokea wanafunzi wa uinjinia watakwambia ndio tunapokea kila mwaka. Waulize mnawapokeaje, hapo ndo kigugumizi kinaanza. Maana kinachotokea kwa wengi ni barua inatoka chuo, HR anagonga muhuri, kijana anatokea Jumatatu asubuhi na begi lake mgongoni na hakuna hata mtu mmoja pale ndani anayejua akae wapi na afanye nini. Wiki ya kwanza anatumwa kutoa kopi na kufuata chai, ya pili anaunganishwa na mafundi ambao hawana habari naye, ya nane anasainiwa daftari lake anaaga. Kampuni haijapata kitu na dogo kaambulia muhuri.

Mimi naona shida inaanzia kwenye majina. Watu wanaita kila kitu "fildi" au "intanshipu" wakati kuna njia kama nne hivi ambazo ni tofauti kabisa, kila moja ina muda wake, ina mtu wake na ina gharama zake, sasa mtu anachukua kijana wa njia moja anamtegemea afanye kazi ya njia nyingine halafu anasema vijana wa siku hizi hawajui kitu. Nimezipanga hizo njia hapa uzione pembeni kwa pembeni, kwa mazingira ya Bongo zaidi maana ndo ninayoyajua, na kipimo nitakachokitumia sana ni masaa ya injinia wako atakayemsimamia huyo kijana. Nauli, posho, helmeti, hizo ni hela ndogo ukilinganisha na hayo masaa.

Kwa haraka haraka ziko hivi:

Fildi, au PT (mafunzo kwa vitendo) kama wanavyoiita vyuoni: bado ni mwanafunzi, wiki 8, anakuja chuo kikifungwa katikati ya mwaka, na kazi yake inahesabiwa kwenye maksi.

Mradi wa mwaka wa mwisho: bado ni mwanafunzi, yuko darasani, anakuja kwako siku chache tu kuchukua vipimo na data. Unachompa ni tatizo la kampuni yako analifanyia mradi wake wa kumalizia shahada, msimamizi mkubwa ni mhadhiri.

Intani mhitimu: kashamaliza chuo, anakaa miezi 6 mpaka 12, kila siku yupo kazini.

SEAP: huyu pia kashamaliza, lakini ni miaka 3 chini ya utaratibu wa ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mwisho wa safari anatakiwa awe na sifa za kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu.

Nianze na fildi maana ndo inayogusa watu wengi.

Wiki 8 ukizipiga kwa siku 5 ni siku 40 za kazi. Toa wiki ya kwanza yote ya kumzungusha, kumpa mafunzo ya usalama na kumjulisha kwa watu, toa wiki ya mwisho ambayo akili yake yote iko kwenye ripoti ya chuo, toa siku ambayo mwalimu wake anakuja kumkagua, toa Nanenane, unabaki na wiki 5 na kitu. Hizo ndo unazotakiwa kuzipangia kazi. Mtu anayempa kijana wa fildi kazi ya miezi mitatu anajidanganya, na anayemwacha "ajifunze kwa kuangalia" anamwibia muda wake.

Upande wa gharama tuseme unampa 7,000 kwa siku ya nauli na msosi, siku 40 inakuja 280,000 kwa kijana mmoja. Sio hela ya kuumiza kichwa kampuni yenye karakana. Sasa piga na upande wa pili: injinia wako akimpa saa moja tu kwa siku, kumwelekeza asubuhi na kupitia daftari lake jioni, hayo ni masaa 40, ni wiki nzima ya kazi ya injinia. Ukipokea vijana watano na kila mmoja kashikwa kivyake ni masaa 200, wiki 5 za injinia zimeenda. Ndo maana unakuta kampuni imepokea vijana 12 na hakuna anayewasimamia, sio kwamba watu wana roho mbaya, hesabu tu haikubali. Kwa injinia mmoja ambaye ana kazi zake nyingine mimi ningeishia vijana wawili, au watatu kama wanafanya kitu kimoja kwa pamoja na unawaelekeza wote kwa mpigo.

Halafu kuna hili ambalo waajiri wengi hawaliulizi kabisa: mwaka wa ngapi? Vyuo kama UDSM vinatoa vijana mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hawa ni watu watatu tofauti kabisa. Wa mwaka wa kwanza kasoma hesabu, michoro, karakana kidogo, ukimuuliza kuhusu mota ya fezi tatu anakutumbulia macho na hana kosa, hajafika huko. Huyo mpe fundi mzuri mwenye subira, ashike spana, ajue kunoa, kupima kwa vernia, kufungua na kufunga, ajue majina ya vitu. Wa mwaka wa pili anaweza kupima na kuandika kumbukumbu, na kama ni wa ujenzi keshashika vifaa vya upimaji, anaweza kukaa na sevea na kufuatilia majaribio ya zege na udongo. Wa mwaka wa tatu ndo unaweza kumpa kazi yenye jina na mwisho wake. Kwa hiyo barua ikija, kabla hujagonga muhuri, angalia mwaka na kozi, basi, hilo pekee linaondoa nusu ya malalamiko. Na wale wa diploma toka DIT, MUST au Chuo cha Ufundi Arusha usiwadharau, kwenye kushika vifaa mara nyingi wanawazidi wa shahada, karakana wameikaa sana.

Kazi yenye jina na mwisho ni ipi sasa? Nitoe mfano mmoja wa kiwandani. Kiwanda cha kawaida kina mota nyingi tu na mara nyingi hakuna orodha, ikiungua moja ndo watu wanaanza kukimbizana Kariakoo. Mpe kijana wa umeme au mitambo wa mwaka wa tatu kazi ya kuandaa orodha ya mota zote. Anapita moja moja na kitambaa, anafuta vumbi kwenye kibati, anaandika: kilowati 7.5, volti 400, ampia 15, mizunguko 1450, freimu 132, inaendesha konveya namba fulani. Halafu mota ikiwa inazunguka na mzigo wake, fundi umeme anaweka kilampu mita na kijana anasoma na kuandika ampia halisi za kila fezi. Hapo ndo mambo yanapokuwa matamu, maana anakuta mota ya ampia 15 inavuta 17, anauliza kwa nini, mnaenda kuangalia mnakuta mkanda umekazwa kupita kiasi au beringi imeanza kufa, au anakuta fezi moja inavuta 15 na nyingine 11 na mnagundua nati ya kwenye kontakta imelegea. Kisha anaandika namba za beringi, 6308 mbele na 6308 nyuma, anajifunza kwamba ile 08 mwishoni ukiizidisha kwa 5 unapata shafti ya milimita 40, kitu ambacho fundi wako anakijua miaka yote ila darasani huenda hakuna aliyemwambia. Mwisho wa wiki ya sita una faili la Eksel lenye kila mota, kila beringi, na stoo inajua iweke akiba ya nini. Hiyo kazi injinia wako hawezi kuipatia muda hata siku moja, na kijana kajifunza zaidi ya ambavyo angejifunza akizungushwa idara sita.

Hapo nimegusa ugomvi mwingine, kumzungusha au kumkalisha sehemu moja. Vyuo vingi vinapenda kijana aone idara zote, na HR nao wanapenda maana inaonekana nzuri kwenye karatasi. Kwa wiki 8 mimi nasema wiki moja na nusu ya kuzunguka inatosha, zilizobaki akae sehemu moja na kazi moja. Ukimzungusha wiki moja moja kila idara, kila anapoanza kuelewa anahamishwa, na kila idara inampokea kama mgeni. Kwa intani wa mwaka mzima mambo yanabadilika, huyo mzungushe kabisa, miezi miwili mitatu kila sehemu, muda upo.

Kuna na suala la msimu, hili linasahaulika sana. Fildi inaangukia kiangazi, kwenye Julai mpaka Septemba hivi, inategemea na kalenda ya chuo. Kwa mkandarasi wa barabara au majengo hiyo ni bahati, saiti iko moto, lami inamwagwa, zege linamwagwa, kijana anaona kazi kwelikweli. Kwa kiwanda cha sukari ni hadithi nyingine, hicho ni kipindi cha kusaga miwa, kila kitu kinazunguka na hakuna anayetaka kusimamisha mtambo ili mwanafunzi aone ndani. Matengenezo makubwa, pale ambapo rola zinatolewa na gia boksi zinafunguliwa, yanafanyika masika wakati kijana yuko darasani anasoma hizo hizo gia boksi kwenye karatasi. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha msimu akitaka kulea injinia wa matengenezo, fildi haimtoshi, intani mhitimu wa miezi 12 ndo ataona pande zote mbili. Kwa kijana wa fildi kwenye kipindi cha kusaga, mpe kazi ya vipimo: joto, presha ya mvuke, mtetemo, muda ambao mtambo umesimama na sababu yake. Hizo zinapatikana mtambo ukiwa unafanya kazi.

Mradi wa mwaka wa mwisho ndo njia inayosahaulika kuliko zote na kwa maoni yangu ndo yenye faida kubwa kwa saa za injinia unazotoa. Unachotoa ni tatizo, data na ruhusa ya kuingia. Pengine saa moja au mbili kwa wiki, na mara nyingine wiki nzima usimwone. Mhadhiri ndo anabeba mzigo wa kusahihisha.

Tatizo linatakiwa liwe la kweli ila lisiwe la dharura, ukiwa na moto unaowaka usimpe mwanafunzi ambaye ana mtihani wiki ijayo. Mfano mzuri ni bili ya umeme. Viwanda vinavyolipia kVA kwa TANESCO, yaani umeme wote vinaovuta, vina hela inapotea kimya kimya kwenye pawa fakta, yaani ile sehemu ya huo umeme inayofanya kazi kweli. Chukua bili za miezi 12, mpe kijana, mwambie aje apime. Tuseme anakuta mzigo ni kilowati 300 na pawa fakta ni 0.75, hiyo ni kVA 400 unalipia. Ukiipandisha mpaka 0.95 inashuka hadi kVA 316 hivi, kVA 84 zimeondoka kwenye bili kila mwezi, na kapasita za kuipandisha hivyo zinazotakiwa ni kama kVAr 166 (kVAr ndo kipimo cha ukubwa wake). Anakupigia hesabu ya bei ya kapasita, lini hela inarudi, wapi zifungwe, na tahadhari kama una inveta nyingi, zile za kubadilisha spidi ya mota, maana zinaweza kuharibu kapasita. Konsaltanti angekuchaji vizuri tu kwa ripoti kama hiyo. Lakini usifunge kitu kwa kutegemea hesabu za mwanafunzi peke yake, injinia wako azipitie na kusaini, wajibu unabaki kwako.

Ubaya wa hii njia ni kwamba humjui kijana kama mtu. Hujamwona akichelewa, hujamwona akigombana na fundi, hujui akiamshwa saa nane usiku mtambo umezima anakuwaje. Kama lengo lako ni kutafuta wa kuajiri, mradi peke yake hautoshi. Mpango ambao mimi ningeupenda ni kumchukua fildi mwaka wa tatu, akikufurahisha unampa mradi mwaka wa nne, mpaka anamaliza una mtu unayemjua na anayejua mitambo yako, na hujaingia mkataba wowote mrefu.

Intani mhitimu sasa. Hapa Tanzania kuna mwongozo wa serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu upande wa kazi na ajira, muda ni hiyo miezi 6 mpaka 12 niliyoitaja, na TaESA ndo wanaounganisha wahitimu na waajiri, kwa hiyo kampuni isiyo na HR mkubwa inaweza kupitia kwao badala ya kuanza kusoma maombi mia tatu kwenye imeili. Faida ni wazi, huyu hana mtihani, yupo kila siku, baada ya miezi mitatu anaanza kukurudishia kile ulichompa.

Ila hapa ndo panapochafuliwa sana na waajiri, niseme tu ukweli. Kuna watu wanachukua intani, wanampa zamu ya usiku, wanampa targeti, akichelewa anakatwa, mwaka ukiisha anaambiwa asante anachukuliwa mwingine. Huo ni ajira kwa bei ya chee na mtaani inajulikana, vijana wana magrupu yao ya WhatsApp na jina la kampuni linazunguka huko kabla hata hujatangaza nafasi nyingine. Ukimpa majukumu ya mfanyakazi mlipe kama mfanyakazi. Kama kweli ni mafunzo, basi kuwe na karatasi inayosema miezi mitatu ya kwanza atajifunza hiki, inayofuata hiki, nani anamsimamia, posho kiasi gani na inalipwa tarehe ngapi, na mwisho wake ni lini. Na mwambie mapema kama nafasi ya ajira ipo au haipo. Miezi 12 ya matumaini hewa ni mbaya kuliko jibu la hapana.

SEAP ni mnyama mwingine. ERB waliianzisha 2003 baada ya kuonekana wahitimu wanazagaa bila kupata uzoefu wa kupangika wa kuwafikisha kwenye usajili. Mhitimu anapachikwa kwenye kampuni, anakuwa na mhandisi aliyesajiliwa anayemlea, anajaza kumbukumbu zake, ripoti zinaenda bodi, na bodi inafuatilia. Kuanzia 2010 Norway waliweka hela kusaidia upande wa wanawake na iliwavuta mainjinia wengi wa kike kuingia kwenye huo mpango.

Kwa mwajiri swali la kwanza la SEAP ni kama una mhandisi mtaalamu ndani ya nyumba. Huna, sahau, au tafuta namna ya kupata mlezi wa nje, na hapo mambo yanaanza kuwa magumu maana mlezi asiyemwona kijana kazini anasaini nini? Swali la pili ni kama kazi zako zina upana. Kampuni inayofanya kitu kimoja tu, mfano kufunga majenereta, miaka mitatu ni mingi kwa kijana anayetakiwa aguse usanifu, ujenzi, usimamizi na matengenezo. Wanachofanya wengine, na ni akili, ni kubadilishana: mwaka mmoja kwa mkandarasi, mwaka mmoja kwenye ofisi ya konsaltanti. Inataka makubaliano ya maandishi na bodi ijue. Kwa kampuni inayotaka kukua na kushindania kazi kubwa hii ndo njia ya kujijengea wahandisi waliosajiliwa wenye mihuri yao badala ya kukodi mihuri ya watu, na hilo la kukodi mihuri tuliache kama lilivyo.

Upande wa Kenya majina yanabadilika kidogo, fildi wanaiita atachimenti na kwa kawaida ni kama miezi mitatu, na kuna NITA ambao wanaratibu hayo mafunzo na wanakusanya ushuru wa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kila mwezi toka kwa mwajiri. Hiyo miezi mitatu ukiilinganisha na wiki zetu 8 ni tofauti kubwa kuliko inavyoonekana, ukitoa ile wiki ya mwanzo na ya mwisho unabaki karibu na mara mbili ya muda wa kazi.

Na kuna kitu cha Marekani ambacho naona tungeweza kukiiba bila kubadilisha kalenda ya chuo hata kidogo. Mwaka 1906 pale Cincinnati kulikuwa na mwalimu wa uinjinia anaitwa Herman Schneider, alianza na wanafunzi 27, akawapanga wawili wawili, mmoja akiwa darasani wiki hii mwenzake yuko kiwandani, wiki inayofuata wanabadilishana. Maana yake kile kiti kiwandani hakikuwa wazi, na wao wenyewe walikuwa wanapokezana kazi. Chuo cha Waterloo kule Kanada toka 1957 nao wanapokezana, ila siku hizi kwa miezi minne minne. Sisi hatuwezi wiki kwa wiki, sawa, ila ile ya kupokezana tunaweza: chukua mmoja wa chuo hiki anayeanza mapema na mwingine wa chuo kingine chenye kalenda iliyochelewa, wapishane wiki mbili tatu, wa kwanza amfundishe wa pili, faili liendelee pale lilipoishia. Unaokoa masaa mengi sana ya injinia, maana maswali ya "choo kiko wapi" na "faili tunaweka folda gani" anayajibu mwenzake.

Kulipa au kutolipa? Kwenye fildi hakuna anayetegemea mshahara. Lakini usidhani kila kijana ana hela ya bodi ya mikopo, HESLB wana fungu la mafunzo kwa vitendo linalohesabiwa kwa siku zisizozidi 56, ndo hizo wiki 8, ila ni kwa mwenye mkopo na fungu hilo, asiyenalo anatoka Gongo la Mboto mpaka Mikocheni kwa hela ya mzazi. Usipotoa chochote unajikuta unapata wale tu ambao kwao wanajiweza, na sio lazima wawe ndo wazuri. Nauli na chakula cha mchana kantini, hapo ndo chini kabisa kwa maoni yangu. Kwenye intani mhitimu na SEAP kutolipa kabisa ni kumwambia kijana aishi kwa hewa mwaka mzima au mitatu, atakukimbia mwezi wa nne na masaa yote uliyompa yameondoka naye.

Usalama ni ule ule kwa njia zote, hakuna cha huyu ni wa fildi tu. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inakubana kama mwenye eneo, na kijana mgeni ndo yuko kwenye hatari kuliko fundi wa miaka 15 kwa sababu hajui kipi kinauma. Buti, helmeti na reflekta vinunuliwe na wewe. Hapo nisisikie habari ya kumwambia mwanafunzi aje na buti zake, ataleta za mtumba zisizo na chuma mbele. Mpe kufuli lake mwenyewe lenye jina lake, fundi akizima swichi kuu kufanya kazi kwenye mashine na kijana akiwepo, kufuli la kijana nalo linawekwa, na halitolewi na mtu mwingine. Kijana haifungui paneli yenye umeme, haingii kwenye tangi, juu hapandi bila mkanda na mtu wa kumwangalia. Na kabla hajaanza kaeni na chuo mjue kwa maandishi akiumia nani anabeba nini, kadi ya bima ya afya ya mwanafunzi inatibu lakini hailipi kidole kilichokatika. Kwa mabinti, angalia kama saiti ina choo chenye mlango unaofungwa na sehemu ya kubadilishia nguo, na kama kuna zamu ya usiku basi kuna gari la kumrudisha.

Sasa nani achukue ipi. Karakana ndogo yenye mafundi wazuri na haina injinia, pokea wa diploma au wa mwaka wa kwanza, mmoja au wawili, basi. Hayo mengine usijitwishe. Mkandarasi wa kati, fildi ya mwaka wa pili na wa tatu kila kiangazi, na intani mmoja mhitimu ambaye anatokana na hao hao. Kiwanda kikubwa kiwe na vyote isipokuwa SEAP kama mainjinia waliosajiliwa ni wachache. Ofisi ya konsaltanti, mimi ningesema ruka fildi ya mwaka wa kwanza kabisa, mtoto atakaa anaangalia watu wanachora, weka nguvu kwenye miradi ya mwaka wa mwisho na SEAP. Kampuni za simu na programu ziko vizuri na intani wa miezi 6, kazi zao hazina msimu na kijana anaweza kupewa kitu kidogo akakimaliza.

Vyovyote utakavyochagua, chuo kijue mapema, miezi miwili mitatu kabla, ongea na mratibu wa PT mwambie nataka wawili, mwaka wa tatu, umeme, kazi yenyewe ni hii hapa. Ukisubiri barua za mkononi utaletewa mtoto wa shemeji yake bosi anayesoma uhasibu. Kwenye barua ya kumkubali andika pia kipi anaruhusiwa kupiga picha na kipi hapana, maana ripoti yake inaenda chuo na inasomwa na watu. Na ile wiki ya mwisho, siku yoyote, mpe dakika 20 aeleze alichofanya mbele ya watu, na wale mafundi alioshinda nao wawepo chumbani, wao ndo watasema kama mota namba 14 kweli ilipimwa au aliandika akiwa kantini. Faili la Eksel libaki kwenye kompyuta ya karakana kabla hajaondoka, sio kwenye flashi yake.